Kutambua kundi la giadia: sampuli ya mtoto na ya mbwa wa nyumbani

Habari zenu, karibuni tena maabara. Leo mezani nina vikopo viwili. Hiki nimekiandika M, ni choo cha mtoto. Hiki B, kinyesi cha mbwa wa nyumba hiyohiyo. Vyote vimekutwa na Giardia duodenalis, yaani giadia, kimelea cha utumbo, na mama wa mtoto ameuliza swali la haki kabisa: mbwa ndiye aliyemwambukiza mwanangu?

Sogea darubini nikuonyeshe. Tone la iodini, kifuniko juu ya slaidi, lenzi ya 40. Unaiona? Ina umbo la yai, urefu kama maikromita 8 hadi 12, na ndani viini vinne vimejikusanya upande mmoja. Hiyo ni sisti, yaani kimelea kikiwa ndani ya ganda lake, kutoka kwa mtoto. Sasa nabadilisha, hii ni ya mbwa. Hakuna tofauti! Niko na darubini hii kila siku na siwezi kuzitenganisha. Ndiyo maana tunakwenda kwenye vinasaba.

Giadia hii imegawanyika katika makundi, A mpaka H. A na B ndiyo yanayompata binadamu, ila yanapatikana pia kwa wanyama, mbwa wakiwemo. C na D ni ya mbwa. E ni ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, F ya paka, G ya panya, na H imekutwa kwa sili wa baharini. Kazi yetu leo ni kujua mtoto (kikopo M) ana kundi gani na mbwa (kikopo B) ana lipi; usichanganye kikopo B na kundi B.

Kabla hujagusa chochote, uliza sampuli ilihifadhiwa kwenye nini. Nasisitiza hili kwa sababu lilinigharimu wiki nzima. Niliwahi kuletewa sampuli nzuri, zimejaa sisti, nikarudia PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane, mara tatu bila kupata kitu. Kumbe zilikaa kwenye fomalini, ambayo inaharibu DNA. Tumia ethanoli, au igandishe sampuli mapema bila dawa yoyote.

Sampuli zetu zilikuwa kwenye ethanoli, kwa hiyo naziosha kwa maji safi: nazungusha kwenye sentrifuji, namwaga maji ya juu, narudia mara tatu. Usiharakishe hapa. Ethanoli ikibaki, itakusumbua mbele.

Sasa kuivunja sisti. Ukuta wake ni mgumu. Ndio unaoiwezesha kuishi kwenye maji baridi kwa wiki kadhaa. Mimi nagandisha kichupa, nakitumbukiza kwenye maji ya moto, nagandisha tena, mara tano. Ukiwa na mashine ya kutikisa yenye shanga ndogo za kioo, ni bora zaidi. Baada ya hapo fuata hatua za seti yako ya vifaa vya kutoa DNA kutoka kwenye kinyesi.

Kinyesi kina vitu vinavyozuia PCR kufanya kazi. Kwa hiyo kila DNA naiweka mara mbili: moja ilivyo, nyingine nimeizimua mara kumi. Mara nyingi iliyozimuliwa ndiyo inayotoa majibu, na wanafunzi wangu hushangaa.

Leo tunatumia jeni moja ya giadia iitwayo gdh. PCR inakwenda kwa raundi mbili: raundi ya pili inachukua tone la zao la raundi ya kwanza. Inakuza hata DNA kidogo sana, lakini pia inakuza uchafu wako. Badilisha glovu, andalia mchanganyiko kwenye meza tofauti na ya jeli, na weka kichupa cha maji matupu katika raundi zote mbili. Maji yakitoa mstari, tupa yote uanze upya.

Zao la PCR nimelipitisha kwenye jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu. Itazame chini ya taa. Maji: hakuna kitu, safi. M: mstari hapa, karibu na 430, na tulitarajia kipande cha jozi 432 za herufi za DNA. B: mstari palepale. Usishangilie bado! Mstari kulingana maana yake ni kwamba wote wana giadia, jambo tulilolijua tangu darubini. Kundi utalipata ukisoma mpangilio wa herufi za DNA na kuulinganisha na ile iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye hazina ya GenBank.

Majibu yamerudi. Mtoto ni kundi B. Mbwa ni kundi D.

Bado sijamwandikia mama. Mnyama mmoja anaweza kubeba makundi mawili, na jeni moja ikaonyesha lile lililo jingi tu. Narudia kwa jeni ya tpi na ya beta-giadini. Hizi hapa: mtoto ni kundi B kote, mbwa ni kundi D kote. Na hata kama wote wangekuwa kundi B, ningelinganisha herufi moja baada ya nyingine kwenye jeni zote tatu kabla ya kusema chanzo ni kimoja.

Kwenye fomu naandika: "Vimelea vya mtoto na vya mbwa ni vya makundi tofauti. Hakuna ushahidi kwamba mbwa alimwambukiza mtoto. Chunguzeni maji ya kunywa na watu wengine wa nyumbani." Mbwa naye anaandikiwa matibabu yake.