Betri Nyingi Tunazozika Zingali Hai

Ndugu zangu wa boda, najua mmenisikia nikilisema hili la betri za pikipiki mpaka mmelichoka: pima kabla ya kununua nyingine, na ukiitoa anza na waya wa hasi. Juzi kijana mmoja wa stejini aliniuliza, "Mzee, leo ni pima kwanza au hasi kwanza?" Yote mawili, mwanangu. Njoo ukae huku mbele.

Asubuhi unabonyeza selfu, kile kitufe cha kuwashia, inalia tik, tik, kisha kimya. Unapiga kiki, injini inawaka, nawe huyoo dukani kutoa elfu mbili na ushei. Nani kakwambia ni betri?

Nina mteja, jina nalificha kwa kuwa mkewe ni jirani yangu. Aliniletea betri ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Tatu! Alishamlaumu muuza duka, akamgeukia fundi, mwisho akawa anamtazama kwa jicho baya mwenzake wa kijiweni. Nikaifungua ile betri. Vyumba vikavu, bati za ndani zimechomoza kama miamba maji yakitoka. Nikamwambia awashe pikipiki, nikaweka mita ya kupimia volti. Volti 16, na akivuta mafuta zinapanda. Sasa, betri ya volti 12 huchajiwa kwa volti 13.5 hadi 14.5 hivi. Ukiizidishia inachemka, maji yanakwenda zake. Kumbe ni regulata, kile kidude chenye mapezi ya alumini kinachodhibiti chaji. Betri tatu kazizika, na muuaji anambeba mwenyewe kila siku!

Yupo hapo anayesema moyoni, "mita sina". Mita ndogo bei yake haifiki ya betri. Zima pikipiki, iache saa kadhaa, pima. 12.6 au zaidi, imeshiba. 12 kamili, ina njaa, basi ilishe: ichaji polepole. Na kabla ya hayo, tazama nati za vichwa vyake, pale waya zinapofungwa. Mara nyingine ni ule unga mweupe tu na nati imelegea. Ikishachajiwa vizuri, ukabonyeza selfu volti zikaanguka chini ya 9, haya, hiyo imekufa. Nunua.

Sasa kubadilisha. Ukitoa, anza na hasi, ule waya mweusi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Sababu ni kwamba chesisi nzima ya pikipiki ni hasi. Ukianza kulegeza chanya na spana ikagusa chesisi, umeme wote wa betri unapita kwenye spana. "Mzee, miaka kumi nafanya hivyo na sijaona kitu." Sawa. Nami nina binamu anayevuka barabara kuu bila kutazama, na bado yuko hai. Spana yangu namba 10 hii hapa, ipitisheni. Mnaliona jino lililoyeyuka? Nilikuwa na haraka siku hiyo. Na pete mvue, tafadhali, hata ya ndoa.

Betri inayokuja kavu unaijaza tindikali hadi mstari wa juu, unaiacha nusu saa, ndipo unaichaji. Baada ya hapo ni maji yaliyotoneshwa tu, yaani distilled water, maisha yake yote. Tabu ni kwamba dukani vyote viwili tunaviita "maji ya betri", basi mtu anaongeza tindikali juu ya tindikali na kuniletea mimi matanga. Uliza ni ipi! Tindikali ikikurukia, maji mengi, mara moja. Betri zilizofungwa kabisa kiwandani msizifungue. Mpira wa kupumulia usibanwe. Sigara... hilo mnalijua, ile hewa inayotoka inalipuka.

Betri ya zamani usiivunje uani kutafuta madini ya risasi. Owino Uhuru ni hapa hapa Mombasa, na mnajua watoto wa kule walivyodhurika na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Hili lilitaka mhadhara wake, lakini mwenye ukumbi ananionyesha saa.

Nani amekuja na pikipiki inayosumbua selfu? Isogezeni hapo mlangoni. Mita ninayo mfukoni.