Jifunze Maneno ya Kiingereza kwa Wimbo wa Nyundo

Jambo yenu, bandugu na bamama wa Lubumbashi, na nyote mnaotutazama mkiwa Likasi, Kolwezi ao Kasumbalesa. Shikeni kaye na biki. Kama mega zako ni chache, pakua video hii kwanza, sababu utairudia mara nyingi.

Wimbo wetu wa leo ni "John Henry". Mtunzi wake hajulikani. Ulienea kwa midomo ya wafanyakazi Weusi wa Marekani, kwenye kazi za reli zilizofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1865. Unamsifu mpiga nyundo aliyeshindana na mashini ya mvuke ya kutoboa mwamba: aliishinda, kisha akafa na nyundo yake mkononi. Wengi wanasema ilikuwa kwenye tuneli ya Big Bend, West Virginia, iliyochimbwa kati ya 1870 na 1872. Mji wetu umesimama juu ya reli na shaba, na nyumba nyingi hapa zina babu aliyetumika mgodini. Ndiyo maana nimeuchagua huu.

Kwanza, sikiliza bila kusoma chochote. Usitafute maana. Sikiliza tu neno linalorudi-rudi: "hammer". Chagua mwimbaji mmoja na ubaki naye, kwa sababu wimbo wa namna hii kila mtu anauimba kwa maneno yake. Ukirukaruka kwa waimbaji, utadhani masikio yako ni mabaya, kumbe maneno ndiyo yamebadilika.

Sasa andika ubeti huu unaouona kwenye ekrani:

John Henry said to his captain,
"A man ain't nothing but a man,
But before I let your steam drill beat me down,
I'll die with a hammer in my hand."

Anamwambia bosi wake: mtu ni mtu tu, lakini kabla sijaiacha mashini yako ya mvuke inishinde, nitakufa nimeshika nyundo.

Hatua inayofuata ni maneno, na hapa nakuomba sana: usiandike Kifaransa pembeni. Najua tulisomea Kifaransa na mkono unakimbilia huko wenyewe. Lakini ukiona "captain" ukafikiri "capitaine", utamwona mwanajeshi. Huyu ni kapita, yule yule anayesimamia watu kazini. Karibu na "hammer" chora nyundo. "Steam" ni ule mvuke wa maji ya bukari yakichemka. "Beat" ni kupiga, na pia ni kushinda. Hapa ni kushinda.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Wapiga nyundo waliimba ili wapige kwa mwendo mmoja, na pigo linaangukia silabi yenye nguvu. Piga meza kwa mkono, useme nami: HAM-mer. CAP-tain. NOTH-ing. Tena. Halafu: be-FORE. Umesikia? Pigo limehama. Kiswahili chetu kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa kinasukuma nguvu mwishoni, lakini Kiingereza hakina mahali pamoja. Kwa hiyo kila neno ulijifunze pamoja na pigo lake, na upige mstari chini ya silabi hiyo kwenye kaye. Mtu anayesema "cap-TAIN" hasikiki vizuri hata kama neno analijua. Ile sehemu ya mwisho ipitie haraka, karibu uimeze. Na kwenye "nothing", weka ncha ya ulimi kati ya meno. Isitoke "s", isitoke "f".

Kuhusu "ain't": usiipeleke kwenye egzameni wala kwenye barua ya kuomba kazi. Huko andika "A man is nothing but a man". Ndani ya wimbo iache ilivyo. Ni Kiingereza cha watu waliobeba nyundo hizo, na kina heshima yake.

Kisha toa maneno nje ya wimbo, uyapeleke kwenye kazi yako. Mekanisia wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, mwambie mwenzako: "Give me the hammer." Wewe unayeuza Kasumbalesa, ambako madereva wa Zambia wanapita na Kiingereza chao, sema: "Pay before you go." Na mteja akichelewa: "I'll call you before six." Tunga sentensi tatu zako mwenyewe, zenye watu na vitu unavyovigusa kila siku.

Mwisho, jirekodi kwa simu ukiimba ubeti mzima huku unapiga meza, kisha sikiliza sauti yako baada ya ile ya mwimbaji. Pale pigo lako linapoanguka vibaya, rudia mstari huo peke yake.

Ukishauweza, ongeza ubeti wa John Henry akiwa mtoto: "sitting on his papa's knee", yaani ameketi kwenye goti la baba yake. "Papa" unalijua tayari. Kwenye "knee", ile "k" inaandikwa lakini haitamkwi.