Beringi Iliyokufa Usiitupe: Mhadhara kwa Wanagenzi wa Ufundi, Tanga

Wazazi, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mnaoingia viwandani, hamjambo na karibuni.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Kijana wa VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufanya uanagenzi akigawa muda wake kati ya chuo na kiwanda. Mhitimu wa shahada naye ana mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wa miaka mitatu, kabla hajaomba kusajiliwa. Vyeti ni tofauti, lakini karakana ni ile ile na tatizo ni lile lile.

Tatizo lenyewe ni kwamba kampuni kubwa imeikata kazi vipande. Kwenye gereji ya Ngamiani, mwanafunzi huliona gari likiingia bovu na likitoka zima. Kiwandani, mtu wa mipango ndiye anayeandika kazi, mtu wa umeme anazima, wa mitambo anafungua, mwingine anapima mtetemo, na wewe umeshikilia tochi. Usipofuatilia kipande chako kilitoka wapi na kinakwenda wapi, utamaliza mafunzo ukiwa bingwa wa kukaza nati. Hakuna anayekunyima makusudi. Watu wana zamu zao na uzalishaji wao, basi. Kwa hiyo kuomba ni juu yako, na nitawaambia cha kuomba.

Omba kwanza kuonyeshwa jinsi mtambo unavyozimwa kabla ya kuguswa. Kitufe chekundu kilicho pembeni ya mashine hakikulindi, kwa sababu kinakata umeme wa kudhibiti tu, na nyaya kubwa zinabaki na umeme hadi kwenye kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota. Swichi kuu ndiyo inayozimwa, kisha kila anayeingia kazini anaweka kufuli lake na ufunguo unakaa mfukoni mwake, si mwa msimamizi. Halafu fundi umeme anahakikisha. Anajaribu kipimo chake mahali anapojua pana umeme, anapima nyaya tatu mbili kwa mbili, kila moja na nyutro, kila moja na ardhi, nyutro na ardhi, kisha anarudi kukijaribu kipimo kile kile palepale pa mwanzo. Mwendo huo wa mwisho ndio unaorukwa sana, nao ndio unaoonyesha kama kipimo kilikufa katikati ya kazi na kukudanganya kwamba nyaya zimekufa. Na umeme si nguvu pekee. Konveya iliyopanda mlima ikiwa na mawe ya chokaa juu yake inaweza kurudi nyuma bila mota, na lile jiwe la uzito linalovuta mkanda hushuka mara mkanda unapokatwa. Lifungwe kwanza.

Sasa beringi, maana hapo ndipo mwanagenzi anapojifunza mengi kwa gharama ndogo. Chukua mota ya kilowati 30 inayoendesha feni, mwendo wa mizunguko kama 1,500 kwa dakika. Mara nyingi utakuta beringi ya 6312. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5 upate tundu: 12 mara 5, milimita 60. Kipenyo cha nje ni milimita 130, unene 31. Ikiandikwa C3, ina nafasi zaidi ndani kwa ajili ya joto. Ukiweka isiyo na C3 mahali ilipotakiwa, itajibana mota ikipata moto.

Kuiingiza, tumia hita ya beringi na ipeleke hadi nyuzi 110, usivuke 120. Kutoka nyuzi 30 za hapa Tanga, tundu la milimita 60 hupanuka takriban milimita 0.06, nayo inatosha kuteleza kwenye shafti bila nyundo. Ishikilie ikiwa imeegemea bega la shafti mpaka ipoe na kung'ata, la sivyo itajivuta na kuacha upenyo. Moto wa gesi usiulete karibu. Unachoma upande mmoja na kuulainisha chuma. Nyundo nayo ndiyo adui mkubwa. Ukipiga ringi ya nje wakati ya ndani ndiyo inayobana, nguvu yote inapita kwenye gololi na kuchimba vishimo.

Utajuaje? Ndiyo maana nasema beringi iliyokufa usiitupe. Iombe, ikatwe ringi ya nje kwa gurudumu la kukatia, ifute grisi, uisome kwenye mwanga. Vishimo vilivyopangwa kwa nafasi sawa na gololi: iligongwa wakati wa kufungwa. Njia ya gololi iliyolala mshazari kwenye ringi isiyozunguka: shafti mbili hazikunyooka. Rangi ya kahawia au bluu: ilipikwa. Nusu saa hiyo inamzidi mwalimu wa darasani, na wenzetu wa vyuo mnisamehe.

Ilipikwa na nini? Huenda ni grisi iliyozidi, si iliyopungua tu. Grisi ikijaa, gololi zinaisukuma badala ya kuviringika, na joto linapanda. Hesabu ya kujazia ni kipenyo cha nje mara unene mara 0.005: kwa 6312, 130 mara 31 mara 0.005, gramu 20. Sasa muulize fundi wako bunduki yake ya grisi inatoa gramu ngapi kwa pampu moja. Wengi hawajui. Pampu mara kumi juu ya karatasi kwenye mizani, gawanya kwa kumi, andika jibu kwa rangi kwenye bunduki yenyewe.

Kunyoosha mota na feni, yaani kuziweka shafti zao kwenye mstari mmoja, nako kuna mtego. Kabla ya kupima chochote, legeza boliti ya mguu mmoja wa mota huku kipimo chenye sura ya saa, kile cha kupima sehemu ndogo za milimita, kikiwa juu ya mguu huo. Ukiinuka zaidi ya milimita 0.05, mguu haukai sawa, na utahangaika na vibati vyembamba vya kujazia chini ya miguu mchana kutwa bila kupata jibu moja mara mbili. Vibati vyenyewe visizidi vitatu au vinne chini ya mguu. Vikiwa vingi vinakuwa springi. Na kwa chumvi ya bahari yetu, futa kutu kwanza, kibati hakilali juu ya kutu.

Kila kitu hicho kinaingia kwenye daftari la mafunzo. “Tumebadilisha beringi” haimsaidii mtu. Andika mtambo, namba ya beringi, iliyotoka ilikuwa na alama gani, joto ulilopashia, gramu za grisi, kipimo cha unyoofu kabla na baada, na nani alifanya kipi, hata kama wewe ulishika tochi. Msimamizi asaini ndani ya wiki ile ile. Akihamishwa zamu, au kiwanda kikisimamisha tanuri kwa matengenezo ya mwaka na kila mtu akatawanyika, hutampata wa kusaini kurasa za mwezi uliopita.