Umeyaonja?

Mhadhara kwa vijana wa vyombo vya kutembeza wageni, Tanga

Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wanangu, hamjambo?

Nimepewa karatasi imeandikwa mambo manne: ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo panapokusanyika maji; maji ya kunywa; bamvu, siku maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo; na choo cha chomboni. Nimeambiwa kila jambo robo saa. Wanaonijua wanajua nitaanzia wapi, na wanajua robo saa hainitoshi hapo. Pepo za kaskazi na kusi sitaeleza, nyinyi ni watoto wa pwani. Nami sikuja kufundisha kutweka tanga. Wapo wazee hapa mbele walioitweka kabla sijaolewa.

Mimi nimelala chomboni miaka 11. Sisemi kusafiri, nasema kulala. Nimepika humo, nimefua humo, nimeugua homa na kupona humo, na mtoto wangu wa pili amejifunza kutembea akishika foromali, ule mti wa kubebea tanga, iliyoteremshwa. Jahazi letu lilikuwa la futi 38, mbao za mvule, taruma, yaani mbavu zake, za mwembe, mashine ndogo ya dizeli nyuma. Tulikuwa tunabeba wageni, tunakwenda Pangani, Bagamoyo, Pemba, tunapanda mto pale panapopandika. Na katika miaka yote hiyo, kitu kilichotaka kutuua hakikuwa mawimbi. Kilikuwa maji yaliyokaa kimya chini ya miguu yetu.

Wazee wana msemo: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Siku hizi watu wanausema msibani, kwa maana kwamba kila mtu mwisho wake ni mmoja. Sawa. Lakini kabla haujawa msemo wa msibani ulikuwa maelezo ya chombo. Maji yakiingia omo, yaani mbele, yakiingia tezi, yaani nyuma, yakimwagika jikoni, yakitona sitahani, yote yanateremka mpaka ngamani. Maana yake ukitaka kujua habari za chombo kizima una mahali pamoja pa kuuliza. Inua ubao, uangalie. Na ukiyakuta maji, usikimbilie kuyafua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Yaonje.

Najua. Nimeona nyuso. Subirini kwanza niwaambie nilivyojifunza, maana nilijifunza kwa pesa.

Mwaka wetu wa pili chomboni, masika, ngama ilikuwa inajaa kila asubuhi. Tukasema kalafati, ile pamba inayoziba kati ya mbao, imekufa. Tukamwita fundi, fundi mzuri, simlaumu. Tukapandisha chombo mchangani, akatoa pamba yote ya zamani, akatia mpya iliyolowekwa mafuta, akapaka deheni, ile dawa ya kuzuia maji, kuanzia mkuku, ule mti wa chini kabisa, mpaka juu. Wiki tatu. Pesa ya msimu mzima wa wageni ilikwisha pale. Tukashusha chombo, kikakaa kikavu siku nne. Siku ya tano mvua ikanyesha, na maji yakawa pale pale.

Alikuwepo mzee mmoja wa Pangani, alikuwa anakuja kunywa chai kwetu. Alikuwa ananiita binti. Akaniuliza, "Binti, umeyaonja?" Nikamwambia, mzee, niyaonje vipi, maji machafu. Akachovya ncha ya kidole, akagusa ulimi, akatema. Akasema, "Haya ya mbinguni." Hakuongeza neno. Maji yalikuwa matamu. Bahari haikuwa imeingia hata tone. Ni mvua iliyopenya kwenye maungio ya sitaha, juu ya vichwa vyetu, ikateremka kwenye taruma mpaka ngamani. Wiki tatu tulikuwa tunatibu tumbo la mtu anayeumwa kichwa.

Toka siku hiyo nikaweka sheria, na mume wangu, Allah amrehemu, akaifuata. Alfajiri, kabla ya chai, ubao unainuliwa. Maji yanaonjwa. Yanafuliwa kwa upo, ile kata ya kuchotea maji ya ngama, na unahesabu. Nyupo ngapi, inaandikwa katika daftari. Jana 6, leo 6, kunywa chai yako. Jana 6, leo 15, chai isubiri.

Sasa Kigombe. Tulikuwa tumetia nanga nje ya kijiji cha Kigombe, mwezi kumi na sita, yaani siku ya kumi na sita tangu mwezi kuandama, bamvu lenyewe, tunangoja mchana tuingie Pangani. Wageni watano wamelala. Saa nane ya usiku nikasikia chini ya godoro, chwaa, chwaa, kila chombo kikienda mrama. Mume wangu akainua ubao, tochi ikamulika maji yamefika juu ya taruma. Akasema, tunang'oa nanga, maji yanajaa, saa kumi yatakuwa kileleni, tunakipandisha ufukweni kabla hakijazama. Na mtu yeyote mwenye akili angesema hivyo. Lakini fikirini: usiku, mbele kuna mawe, na ni kilele cha bamvu. Ukipandisha chombo juu kileleni, na kesho bamvu linaanza kupungua, nani atakishusha? Kitakaa juu pale mpaka bamvu lingine, wiki mbili, kimelala ubavu na mbao zinafunguka kwa jua.

Nikachovya kidole. Tamu.

Lilikuwa tangi letu la kunywa, la lita 300. Bangili ya chuma inayobana mpira wa maji ilikuwa imekula kutu, mpira ukachomoka. Lita kama 200 ziko ngamani. Tukafunga mpira kwa kamba, tukafua maji mpaka alfajiri. Wageni wakaamka wakaulizia chai, wakapata chai ya kikombe kimoja kimoja. Hakuna aliyejua.

Wengi nikiwaeleza hapa wanaridhika, wanadhani kisa kimeisha. Hakijaisha. Mwaka uliofuata, wakati wa kusi, tunatoka Bagamoyo tunarudi kaskazini, tuko usawa wa Saadani. Sauti ile ile, chwaa, chwaa. Baharia wetu akacheka, akasema, mama, tangi lako tena hilo. Akaenda kukaza bangili ya mpira, akarudi kukaa. Nikainua ubao, nikaonja. Chumvi. Bahari ilikuwa ndani. Tukapekua kila mahali mpaka kwenye shafti, ule mhimili wa mashine, pale inapotokea nje kwenda kwenye pangaboi linalosukuma chombo. Zile kamba zinazozungushiwa shafti kuzuia maji zilikuwa zimelika, na maji yanaingia kama bomba lililoachwa wazi. Tukakaza nati mbili, yakabaki matone. Nati mbili tu, wanangu! Lakini kama tungeamini ni tangi, tungeendelea na safari, na usiku ungetukuta pale nje ya Saadani, pwani isiyo na pa kujificha.

Sauti moja, kina kile kile cha maji, na macho yanaona kitu kimoja. Ulimi ndio uliotofautisha.

Haya, sasa maswali yenu, maana nayajua. La kwanza: mama, siku hizi kuna pampu ya umeme, maji yakipanda swichi inajiwasha, ngama inakauka yenyewe. Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi! Pampu inaficha ugonjwa. Tobo linaongezeka kila siku na pampu inafanya kazi kila siku zaidi kidogo, nawe juu sitahani unapiga muziki, unasema chombo changu kikavu. Siku betri inapokufa ndiyo siku unayopata habari, na zote kwa mara moja. Nilikuwa mwalimu wa sayansi kabla ya kuingia baharini, kwa hiyo nipeni ruhusa ya hesabu moja. Tobo la upana wa inchi moja, sentimita 60 chini ya usawa wa maji, linaingiza karibu lita 60 kwa dakika. Hizo ni ndoo tatu kubwa za lita 20 kila dakika, nje ya muda wa kutafuta tobo liko wapi. Fungeni pampu, mimi pia nilifunga. Lakini iwe ya kuwasaidia nyinyi, isiwe ya kuwafumba macho. Na kila asubuhi mjue imefua kiasi gani.

La pili: maji ya ngama yana dizeli, yana grisi, utatuonjesha sumu? Ukiona utando wa mafuta juu, usionje. Chukua sabuni ya mche. Chota maji kidogo, pitisha chini ya utando, sugua sabuni. Maji ya bahari sabuni inakataa, inagandagana. Maji matamu inatoa povu. Mama zenu wanalijua hili. Walipokuwa hawana maji ya kisima, walijaribu kufua baharini.

La tatu, na hili ni la kweli, aliniuliza kijana wa Bweni: mtoni je? Vizuri sana. Ukiwa ndani ya mto Pangani, maji yakipwa wakati wa masika, nje ya chombo ni maji ya mto, matamu. Yakijaa, bahari inapanda mtoni, yanakuwa na chumvi. Hapo ulimi utakudanganya usipokuwa na adabu. Onja kwanza ya nje, ndipo uonje ya ndani. Na jambo jingine: maji ya mto ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo chombo kikiingia mtoni kinashuka kidogo, kama sentimita moja kwa chombo chetu. Msitari wa mbao uliokuwa unapigwa na jua, kalafati yake imekauka, sasa uko chini ya maji. Kinavuja, na watu wanasema mto una mkosi. Mto hauna mkosi wowote. Tena una faida: yule mnyoo anayetoboa mbao, ambaye kwa kweli si mnyoo, ni jamaa wa chaza mwenye magamba mawili madogo kichwani ya kukerezea, hawezi kuishi kwenye maji matamu. Chombo kikikaa juu mtoni wiki kadhaa, wanakufa humo humo mbaoni.

Na wa ziwani? Ziwa Tanganyika, Victoria, maji yote matamu, ulimi hausaidii. Tia rangi ya chakula kidogo ndani ya tangi la kunywa. Ngama ikibadilika rangi, umejua.

Wengine mtasema sisi tuna boti za faiba, hatuna kalafati. Mna shafti? Mna tobo la kuvutia maji ya kupoza mashine? Mna mipira na bangili za chuma? Basi mna ngama. Na wa vyombo vya chuma, nitawapa mfano wa Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Ikalala chini ya ziwa, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Ilikaa miaka ndani ya maji ikapona kwa sababu mtu alishughulika na sehemu zisizoonekana. Hapa Tanga nimeona boti zinakufa zikiwa zinaelea, rangi ya nje inang'aa.

Halafu kuosha sitaha! Maji ya bahari hayaozeshi mbao kama ya mvua. Ukungu unaokula mbao unapenda maji matamu, chumvi unaichukia. Ndiyo maana wazee waliosha sitaha kwa ndoo ya maji ya bahari, asubuhi na jioni. Kijana wa leo anaosha kwa maji ya bomba, anaona ni usafi, na anakiozesha chombo kwa mkono wake. Nimesema haya Pangani, nimesema Bagamoyo, nimesema hapa hapa, na jana nimepita nikaona mpira wa bomba umevutwa mpaka kwenye sitaha ya mtu. Simtaji. Amekaa humu.

Naona naoneshwa saa. Basi maji ya kunywa: msiweke yote kwenye tangi moja. Mumesikia ya Kigombe. Gawanyeni, na madumu mawili yafungwe kamba mahali pengine, hayaguswi. Na mtu asioshe vyombo vya jikoni kwa maji ya kunywa. Osha kwa ya bahari, suuza kwa kikombe kimoja.

Bamvu: mwezi mmoja na mwezi kumi na tano, maji yetu hujaa kwenye saa kumi, saa kumi na moja, na hupwa saa nne, saa tano. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwenye kujua tarehe ya mwezi hahitaji simu kujua lini ataingia mlango wa Pangani. Ingieni maji yakijaa. Yakipwa, mto unasukuma nje na upepo unasukuma ndani, mawimbi yanasimama wima pale mdomoni. Hilo lilitaka mhadhara wake.

Choo sitakifikia. Nitakuja siku nyingine kwa ajili ya choo peke yake.

Sasa hivi saa tatu na nusu. Leo mwezi kumi na sita. Kwa hiyo maji yanapwa, na ile mashua mliyoniambia inavuja bila sababu inakaribia kukaa mchangani. Twendeni. Mmoja aende dukani alete kipande cha sabuni ya mche, na mwenye ufunguo wa ule ubao wa nyuma atangulie.