Nani Alimwuliza Gohan?

Asanteni. Kaeni, kaeni. Naona wapo waliokwisha kunisikia nikilisema hili, na wengine wameshaanza kucheka. Chekeni, ila leo kipaza sauti ninacho mimi.

Shitaka ni lilelile: Gohan kachezea kipaji. Kazaliwa na nguvu ambazo baba yake alizitafuta kwa jasho na mifupa kuvunjika, halafu akaenda kukumbatia vitabu. Wakikutana mashabiki wawili wa Dragon Ball Z, ile katuni ya Kijapani ya wapiganaji, mmoja lazima aseme hivyo na mwenzake aguune kwa masikitiko, utadhani wako msibani. Mimi nafundisha watoto karate, na shitaka hilo nalikataa.

Kwamba kipaji kipo, hatubishani. Ana miaka minne, hajafundishwa hata kukunja ngumi, maana mama yake, Chi-Chi, alimtaka awe msomi. Baba yake mkubwa, Raditz, kamteka na kumfungia kwenye chombo chake cha angani. Mtoto analia humo ndani, na kifaa cha kupimia nguvu kinasoma 710. Raditz anadhani kimeharibika! Goku, ndiye baba yake, na Piccolo, atakayekuja kuwa mwalimu wake, watu wazima waliokubuhu, kifaa hichohicho kiliwasoma mia tatu na ushei kabla hawajavua mavazi yao ya uzito. Mara chombo kinapasuka, mtoto anatoka, anapiga kelele baba yake aachwe, anamvaa Raditz kwa kichwa kifuani, na deraya inapata ufa. Sekunde chache baadaye ni mtoto tu tena. Anamwona baba yake chini, anamlilia, Raditz anamzimisha kwa kofi moja.

Watu wazima waliokuwepo walijifunza nini hapo? Kwamba huyu mtoto akikasirika hutoka kitu kikubwa. Basi. Kwamba alikuwa anaogopa kumpoteza baba yake, hilo halikuandikwa popote.

Sasa twende kwa Cell, lile jitu la kutengenezwa maabara lililotishia kuiangamiza dunia. Najua, najua, kila mara nafika kwa Cell. Ndiko kesi iliko.

Goku anapigana na Cell, anapigana vizuri, halafu ananyoosha mikono: nimeshindwa. Wenzake wanaduwaa. Anasema yupo mwingine mwenye nguvu kuliko yeye, na anamtaja mwanawe, mtoto wa miaka kama kumi. Gohan mwenyewe anashangaa! Wametoka pamoja kwenye kile chumba ambacho siku moja ya nje ni mwaka mzima ndani. Karibu mwaka mzima baba na mwana, wanakula pamoja, wanalala pamoja, na baba hakupata nafasi ya kumwambia mwanawe kwamba pambano ni lako. Kisha Goku anaomba harage la senzu na kumrushia Cell, Cell arudishe nguvu zake zote, ili pambano liwe la haki. La haki kwa nani?

Gohan anajaribu kuongea. Anamwambia Cell waziwazi kwamba hapendi kupigana, hataki kuua hata mtu mwovu kama yeye, na kwamba akikasirika hawezi kujizuia. Ni onyo la mtoto mstaarabu. Cell anasikia mwaliko. Anaanza kumtesa makusudi ili hasira hiyo aione.

Na pembeni, baba anaangalia. Anasubiri mpango ufanye kazi. Anayelipuka ni Piccolo. Anamfokea Goku, na maneno yake, kwa ufupi, ni haya: Gohan hapendi vita kama unavyovipenda wewe; unajua sasa hivi anawaza nini? Hawazi dunia wala haki. Anajiuliza kwa nini baba yangu ananiangalia nikifa. Uso wa Goku unabadilika pale. Hilo halijawahi kumpitia akilini! Baba mzazi anaelezwa moyo wa mwanawe na mtu ambaye zamani alikuwa adui yake.

Haya, kuna mtu hapo mbele anatikisa kichwa. Utaniambia dunia ingeangamia. Sawa, na iliokolewa. Sisemi Gohan asingepigana. Nasema angeulizwa, angeambiwa, angeingia uwanjani akijua kazi yake ni ipi. Hata kumtuma mtoto dukani unamwambia kinachonunuliwa.

Utaniambia pia Piccolo si malaika. Kweli. Alimchukua mtoto wa miaka minne, akamtupa porini peke yake miezi sita, ndipo akaanza kumfundisha, na mafunzo yenyewe yalikuwa kipigo. Mwalimu wa watoto akifanya hivyo leo, nitakuwa wa kwanza kwenda polisi. Lakini ndiye aliyesimama mbele ya Nappa, mvamizi kutoka angani, akapokea pigo la kifo kwa ajili ya mwanafunzi wake. Alianza vibaya akamsoma mtoto. Goku alianza kwa upendo, akasoma kipimo.

Na tazameni kilichofuata. Kichwa cha Android 16, roboti mpole aliyevunjwavunjwa na Cell, kinarushwa hadi miguuni kwa Gohan, kinamwambia kwa upole kwamba kupigania haki si dhambi, kwamba wapo wasiosikia maneno. Cell anakikanyaga. Ndipo Gohan anapasuka. Mnaipenda sehemu hiyo, nami naipenda, nywele zinasimama. Ila angalieni anayeibuka: hana haraka, hana huruma. Goku anamwambia ammalize Cell, anakataa, anataka ateseke kwanza. Cell anajivimbisha alipuke na dunia yote, na Goku anakufa akimhamishia mbali na dunia. Waliitaka hasira, wakaipata, na bili ikaletwa kwa mtoto aliyebaki akijilaumu kwamba kamuua baba yake.

Halafu tunashangaa miaka saba baadaye yuko shuleni na mazoezi kayaacha!

Muda, naoneshwa muda. Nilitaka kumsema Vegeta, mpiganaji mwenzao, ambaye anamsuta kwamba alikuwa na nguvu zaidi utotoni, acha. Nilitaka kueleza Kai mzee, mmoja wa miungu ya hadithi hii, na kile kikao chake cha kumfungulia nguvu, acha nacho. Hili moja tu: Akira Toriyama alieleza kwamba alikusudia kumkabidhi Gohan hadithi baada ya Cell, akaona hafai nafasi ile kama baba yake, Goku akarudi. Mwandishi mwenyewe alimsikia mtoto akisema sitaki. Mashabiki ndio bado.

Na filamu ya 2022, Dragon Ball Super: Super Hero, kabla hamjanirushia: ndiyo, Gohan yuko nyumbani kazama kwenye utafiti wake, na ndiyo, Piccolo anamsuta. Kisha anafanya nini huyu mwalimu niliyemtetea dakika zote hizi? Anawaacha maadui wamchukue Pan, binti wa Gohan wa miaka mitatu, naye kajipenyeza humohumo kati yao, ili baba mtu akasirike nguvu zitoke. Yaleyale ya Raditz! Hapo simtetei.

Kipaza sauti kipelekeni nyuma, kuna kijana kanyoosha mkono tangu nilipomruka Vegeta.