Mchoro Uanzie kwa Wenyeji: Mhadhara Uliotolewa Bagamoyo

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi, wavuvi, kina mama wa sokoni, na nyinyi wanafunzi wa usanifu mliotoka Dar es Salaam, karibuni.

Nianze na ukuta. Mkipita Mtaa wa India mtaona nyumba za mawe ambazo plasta yake imevimba na inabanduka. Chanzo kimojawapo ni ukarabati wa saruji. Kuta hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, navyo hunyonya unyevu wa ardhini na kuuachia hewani. Ukizifunika kwa saruji, maji hukosa pa kutokea. Chumvi iliyokuja nayo hukusanyika nyuma ya plasta, hukauka, hutanuka, na plasta huanguka na vipande vya ukuta. Fundi wa chokaa analijua hili. Anajua chokaa ikishachomwa iloweshwe na iachwe ikae kabla ya kupakwa, na kwamba haipakwi kwenye jua kali. Kwa nini basi yeye huitwa mwisho, kuziba nyufa?

Chumba nacho kina sababu. Upana wake umefuata urefu wa boriti ya mkoko, mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu. Anayebomoa ukuta wa kati ili apate ukumbi mpana anaondoa kilichobeba sakafu ya juu. Na baraza pale mlangoni humpa mgeni pa kukaa, sitara ya ndani ikabaki salama.

Tusielewane vibaya. Sisemi tuchimbe matumbawe baharini wala tukate mikoko ovyo. Mikoko inashika ufukwe, na humo samaki na kamba hukulia. Ninachotaka kibaki ni namna ya kufikiri: kuuliza mahali pana nini, na nani anapajua.

Tazameni Burkina Faso. Francis Kéré alizaliwa kijiji cha Gando, akasomea usanifu Berlin, akajenga shule ya msingi kwao, iliyokamilika mwaka 2001. Alitumia udongo wa palepale uliotiwa saruji kidogo, wanakijiji wakashiriki ujenzi, na paa la bati akalinyanyua juu ya dari ili joto lipate njia. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani. Mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba mwanzoni wenyeji waliutilia shaka udongo, maana waliujua unavyofanywa na mvua. Ikabidi awathibitishie. Kumsikiliza mwenyeji ni pamoja na kubishana naye kwa heshima hadi kazi yenyewe ionekane.

Sasa turudi hapa. Tuseme mmepewa kazi ya kuchora banda la kukaangia samaki ufukweni. Moshi utaelekea wapi wakati wa kaskazi, na wapi upepo ukigeuka kusi? Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, hufika mpaka wapi? Jiko liwe na kimo gani kwa mama anayesimama tangu asubuhi hadi jioni? Ramani haina majibu haya. Anayo mama mwenyewe, na mvuvi anayepandisha ngalawa pale. Banda lililochorwa bila wao litahamwa, hata likizinduliwa kwa ngoma. Watakaanga pembeni, chini ya turubai, kwa sababu huko moshi hauwaingii machoni.

Nakerwa sana na mikutano inayoitwa ushirikishwaji, ambapo mchoro umekwisha, wananchi wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanapewa soda, wanaondoka. Mwiteni fundi mzee kabla penseli haijagusa karatasi. Mkae naye eneo la ujenzi, maji yakijaa na yakitoka. Na mlipeni. Mpima ardhi ana fungu lake kwenye bajeti, mhandisi analo lake; fundi wa chokaa na mama wa samaki nao waandikiwe lao, kwa siku walizofanya kazi, na majina yao yaingie kwenye mchoro pamoja na yenu.