Mtu Ana Nywele, Panya Ana Manyoya

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wauguzi, walimu wa sayansi na wenye saluni

Asalaam aleikum, na habari za jioni. Kiti asanteni, nitasimama; nikikaa nasinzia. Nawaona wale wa nyuma wananong'onezana, "leo tena panya." Ndiyo, leo tena panya. Na si panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu na kifua kikuu, hao wana heshima zao. Nasema hawa wadogo weusi wa maabara.

Wiki iliyopita kinyozi wangu wa Ngamiani kanionyesha picha kwenye simu. Panya wawili, migongo imenyolewa. Wa kushoto mgongo mtupu, wa waridi. Wa kulia manyoya tele. Chini imeandikwa: krimu ya homoni ya kuotesha nywele, siku 15. "Mzee, huu si ushahidi?" Nikamwambia amalize kwanza hizi chache zilizobaki juu ya masikio, maana nikianza hatafunga duka.

Panya huyo ni wa aina inayoitwa C57BL/6, na watafiti wa nywele wanampenda kwa sababu moja. Ngozi ya mgongo wake haina weusi. Weusi wote uko kwenye manyoya, na unatengenezwa vinyweleo, yaani vishimo vya ngozi vinavyootesha manyoya, vikiwa kazini tu. Vikilala, ngozi ni ya waridi. Vikiamka, ngozi inapiga kijivu, kisha nyeusi, kabla unyoya wenyewe haujachomoza. Huhitaji hadubini, unatazama tu. Halafu vinyweleo vyake vinalala pamoja kama wanafunzi wa bweni: kuanzia wiki ya 7 hivi ya umri mpaka karibu ya 12. Kengele ikilia vinaamka kwa wimbi, kuwe na dawa kusiwe na dawa.

Sasa nisikilizeni. Miaka ile nilikuwa mhudumu wa panya kwenye maabara moja, wapi, msiniulize. Tukagawa makundi mawili, tukawanyoa kwa mashine. Kwa mashine, si kwa kung'oa! Ukimng'oa panya manyoya, kule kung'oa kwenyewe kunaamsha vinyweleo. Mpake hata maji ya mvua, ataota. Kundi moja likapakwa homoni iliyoyeyushwa kwenye spiriti, la pili spiriti tupu. Mpakaji ni mimi, kila asubuhi, mkono mmoja umeshika mkia, wa pili unadondosha tone. Siku ya 12 kundi la dawa likaanza kupiga kijivu. Wenzao waridi vilevile. Mkubwa wetu akaagiza soda, kreti nzima.

Mimi nikaenda kusoma kadi za vizimba. Kundi la dawa lilitoka kwenye boksi la panya waliozaliwa karibu mwezi mzima kabla ya wenzao! Walikuwa wanaingia wiki ya 12. Wangeota hata tungewapaka mafuta ya taa. Tukarudia, safari hii umri mmoja, jinsia moja. Waridi kwa waridi, kundi lote na kundi lote. Na soda zilikuwa zimeshanywewa. Sisemi chochote kuhusu yule panya mbabe anayewatafuna wenzake manyoya usiku, maana naye katuharibia kizimba kizima.

Kwa hiyo ukionyeshwa picha ya panya, uliza: umri gani? Kanyolewa au kang'olewa? Na yule aliyepakwa spiriti tupu yuko wapi?

Kuna atakayesema, "Mzee, tuseme umri ni sawa na kila kitu ni sawa, je?" Haya. Kiswahili kimeshakujibu. Mtu ana nywele, panya ana manyoya. Na huyo mtu mmoja tumempa nywele, ndevu, nyusi, kope, malaika. Wazee hawakutoa majina matano kwa kupoteza muda. Homoni ileile ya kiume inayoniotesha ndevu hizi ndiyo iliyoniondolea za utosini. Mwaka 1942 mtafiti James Hamilton wa Marekani alieleza kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, mpaka wapewe homoni hiyo. Panya mweusi yeye upara wa namna hiyo hana. Unamtibu ugonjwa asioumwa.

Mwaka 1996 watafiti wawili wa North Carolina, Marekani, waliwapaka panya estrojeni, homoni ya kike, mgongoni, manyoya yakagoma kuota. Wakapaka dawa inayoizuia estrojeni, yakaota mapema. Kazi safi, siidharau. Sasa waulizeni kina mama humu. Ukiwa na mimba estrojeni inapanda, nywele zinajaa. Mtoto akifika miezi mitatu, zinajaa kwenye kitana. Dawa ile ya kuzuia, fulvestranti, ikapakwa kwenye vichwa vya watu wenye upara, wanaume na wanawake waliokoma hedhi. Matokeo yakachapishwa 2008: haikuupita mchanganyiko mtupu usio na dawa.

"Basi panya wa nini?" Wa kutuambia dawa inaenda wapi! Mpake panya jike estrojeni mgongoni, halafu mpime kizazi: kimeongezeka uzito. Homoni haikai ulipoipaka. Mwaka 2009 Marekani walilazimisha onyo kali kwenye jeli za testosteroni, ile homoni ya kiume, kwa sababu watoto waliogusana na baba zao waliopaka walianza dalili za kubalehe mapema. Na wewe unanunua kikopo kisicho na jina, unapaka, unambeba mjukuu.

Minoksidili, ile dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, kwa taarifa yenu, ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa ndio walioanza kuota nywele pasipohusika.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na la tezi ya shingo, naliacha. La misuko: wenye saluni, nywele za kwenye paji la uso zilizorudi nyuma kwa kusukwa kwa kukaza hazitafuti homoni, legezeni mkono. Basi. Mama wa kilemba cha kijani, umenyoosha mkono tangu nitaje kitana. Karibu.